Reli Haivuki Mpaka kwa Chuma Peke Yake

Mwalimu wa Ringwani, wilayani Serengeti, anayetaka kusafiri kwa treni hana budi kwanza kutafuta basi. Mkoa wa Mara haujapata kuwa na njia ya treni ya abiria. Stesheni kubwa zilizo jirani naye ni mbili, nazo zimo katika nchi mbili: Mwanza upande wa kusini, ambako reli ilifika mwaka 1928, na Kisumu upande wa kaskazini, ambako ilifika mwaka 1901. Hakuna treni inayomtoa mtu stesheni moja ikampeleka nyingine. Kati yake liko Ziwa Victoria, na kwa njia ya nchi kavu upo mpaka wa Sirari.

Hali haikuwa hivyo daima. Reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika mwaka 1948 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1960 shirika hilo liliingiza ziwani meli mbili za kubebea mabehewa, Umoja na Uhuru. Behewa lilisukumwa hadi tumboni mwa meli huko Kisumu, likateremshwa Mwanza, Musoma au Port Bell likiwa na shehena yake yote, wala hapakuwa na haja ya kuhamisha gunia hata moja. Kwa njia hiyo Musoma, mji usiokuwa na reli, uliweza kupokea mabehewa ya reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na mgawanyo wa mali ukakubaliwa mwaka 1984. Uhuru ikawa ya Kenya, Umoja ikawa ya Tanzania. Mwenye kupenda mafumbo angeweza kusema mengi juu ya majina hayo mawili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka 1977 hakuna reli iliyong'olewa. Upana wa njia, yaani nafasi kati ya chuma na chuma, ulibaki mita moja Mwanza na mita moja Kisumu. Vichwa vya treni vilikuwa vile vile, na mafundi walikuwa wamesoma kazi moja. Kilichovunjika ni makubaliano, na hayo yalitosha kuifanya reli ya nchi tatu kuwa reli tatu.

Yafaa kulikumbuka jambo hilo kila wanapozungumza wale waliobahatika kusafiri Ulaya. Mtumishi aliyepelekwa kozini, au mwanafunzi aliyerudi na shahada, husimulia kwanza kasi. Na kasi yenyewe ni ya kustaajabisha kweli. Kutoka Paris hadi Brussels, mwendo wa kilomita 300 hivi, treni hutumia saa 1 na dakika 22. Kutoka London hadi Paris, kupitia chini ya bahari katika handaki lililofunguliwa mwaka 1994, safari yaweza kwisha kwa saa 2 na dakika 16. Msafiri hupanda katikati ya mji mkuu mmoja akashuka katikati ya mwingine. Ni haki yake kusimulia.

Lakini msimulizi hakuona kilichokuwa chini ya kiti chake. Ufaransa huendesha reli zake mpya kwa umeme wa volti 25,000. Ubelgiji, katika njia zake za zamani, kwa volti 3,000. Uholanzi kwa volti 1,500. Ujerumani kwa volti 15,000 za aina nyingine kabisa. Kila nchi ilichagua umeme wake zamani, bila kumfikiria jirani, na zipo zilizokuwa zikijiandaa kupigana na jirani huyo. Treni zilizoanza kwenda kutoka Paris hadi Brussels, Cologne na Amsterdam katika miaka ya 1990 zilibidi ziundwe kwa namna ya kuupokea umeme wa aina zote nne, na kusoma ishara za njiani za kila nchi zinakopita. Mashine ya namna hiyo ni ghali. Ulaya inalipa leo gharama ya kutoelewana kwa babu zao, ingawa mataifa hayo yamekuwa na Umoja wa Kimataifa wa Reli tangu mwaka 1922.

Na pale makubaliano yanapokosekana, hata Ulaya treni husimama. Mwaka 2018 ilianza treni ya moja kwa moja kutoka London hadi Amsterdam. Kwenda kulikuwa rahisi. Kurudi, msafiri alilazimika kushuka Brussels na mizigo yake, akaguliwe pasipoti, kisha apande treni nyingine, kwa sababu Uholanzi na Uingereza zilikuwa hazijakamilisha mkataba wa kumkagua pale pale Amsterdam. Adha hiyo iliendelea hadi Oktoba 2020. Haikuwa kosa la chuma wala la fundi. Njia ilikuwa imekamilika na treni ilikuwepo. Karatasi ndiyo iliyochelewa.

Kwa nini haya yamhusu mtu wa Ringwani? Kwa sababu Afrika Mashariki inajenga reli mpya sasa hivi, tena kwa fedha nyingi za kukopa, na makosa yanayofanyika leo katika mataruma na nyaya yatakuwa urithi wa wanafunzi walioko darasani.

Tanzania imefanya kazi ya kujivunia. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo, zikienda kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa kipimo cha Ulaya hiyo bado si reli ya kasi, maana wao huanza kuiita hivyo njia mpya inapojengwa kwa kilomita 250 na kuendelea. Hata hivyo, kwa mtumishi aliyekuwa akimaliza siku nzima ndani ya basi, tofauti anaiona bila kuambiwa. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Hicho ndicho kitakachoisogeza treni ya umeme karibu na watu wa Mara.

Kenya nayo ilitangulia. Treni yake mpya ilianza kwenda kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na njia ikafikishwa Naivasha mwaka 2019. Upana wa njia ni ule ule uliochaguliwa na Tanzania, milimita 1,435, na hilo ni jambo jema sana. Lakini treni ya Kenya huendeshwa kwa dizeli. Uganda, iliyotia saini mkataba mwezi Oktoba 2024 wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, imechagua umeme. Basi reli ya Kenya itakapofika Malaba kama ilivyo leo, kichwa cha dizeli kitafunguliwa mpakani na kichwa cha umeme kifungwe, kila siku, kwa kila treni. Pengine jambo hilo litarekebishwa kabla ya siku hiyo. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Mpango Mkuu wa Reli tangu mwaka 2009, na ni halali kwa mwananchi kuuliza mpango huo ulisomwa na nani.

Tanzania yenyewe ina fundisho la nyumbani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ni tendo la ujasiri lisilo na mfano katika bara hili. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa ndio upana wa Zambia na wa nchi za kusini mwake. Reli ya Kati ni milimita 1,000. Tofauti hiyo ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja cha mkono, lakini behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na mizigo imelazimika kuhamishwa, Dar es Salaam na baadaye Kidatu pia. Kiganja kimoja kimewatoa jasho wachukuzi kwa miaka yote hiyo.

Tuseme chuma na umeme vimekubaliana. Linabaki suala la mtu mwenyewe na kitambulisho chake, na hapa watu wa mpakani wana ujuzi kuliko wataalamu wengi. Familia nyingi za Wakurya zina ndugu pande zote mbili za mpaka. Wanajua Sirari ilivyokuwa wakati msafiri alipogongewa muhuri upande mmoja, akatembea, akagongewa tena upande wa pili, na wanajua unafuu ulioletwa na kituo kimoja chenye maafisa wa nchi zote mbili. Kituo cha namna hiyo chalifaa basi lenye abiria hamsini. Treni yenye mamia ya abiria ikiteremsha watu wote wapange mstari na mabegi, muda wote uliookolewa kwa kasi utaishia pale pale dirishani.

Ulaya ililitatua jambo hili zamani, tena kabla haijafuta ukaguzi mipakani. Treni za kimataifa zilizoanza mwaka 1957 kwa jina la Trans Europ Express zilipita mipaka yenye forodha na uhamiaji kamili. Maafisa walipanda treni wakawakagua abiria vitini mwao huku safari ikiendelea. Mkataba wa Schengen ulitiwa saini mwaka 1985 na haukuanza kutekelezwa hadi mwaka 1995, karibu miaka 40 baadaye. Kwa hiyo si kweli kwamba Afrika Mashariki lazima isubiri mipaka ifutwe. Kenya, Uganda na Rwanda huruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Tanzania haikujiunga na utaratibu huo na ina sababu zake za usalama, iwe hivyo. Afisa wa uhamiaji mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuigonga pasipoti ndani ya behewa sawasawa na kwenye kaunta. Kinachohitajika ni mkataba unaomruhusu afisa wa nchi moja kufanya kazi yake treni ikiwa bado katika ardhi ya nchi nyingine.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni anasa; kwamba Ringwani inataka barabara ya uhakika wakati wa masika, maji na dawa zahanati, na kwamba treni ya kimataifa ni ya wenye mikoba. Hoja hiyo isidharauliwe. Barabara ya kijijini haichukui nafasi ya pili nyuma ya treni yoyote. Na Ulaya inatoa onyo lake katika jambo hili pia. Mwezi Desemba 2012 zilianza treni mpya zilizoitwa Fyra kati ya Amsterdam na Brussels, na siku hizo hizo treni ya zamani, ya polepole na ya bei nafuu, ikaondolewa. Treni mpya ziliharibika wakati wa baridi, zikasimamishwa Januari 2013, na msafiri wa kawaida akajikuta hana mpya wala kuukuu. Treni ya zamani ilibidi irudishwe kwa sehemu. Shirika la Reli Tanzania halina budi kulikumbuka hilo kila linapofikiria hatima ya treni ya mita moja inayosimama katika stesheni ndogo kati ya Tabora na Mwanza, maana treni ya umeme haitasimama huko kote.

Lakini anayesema treni ni anasa anasahau kwamba gharama ya usafirishaji imo ndani ya kila mfuko wa saruji unaojengea darasa. Mkoa wa Mara hauko mwisho wa nchi, kama ramani ya Dar es Salaam inavyoonyesha. Uko kati ya Mwanza na Kisumu. Upo pia mpango wa siku nyingi wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Utakapofika wakati wake, hautaweza kuamuliwa na wahandisi peke yao, kwa sababu Hifadhi ya Serengeti iko njiani. Mwezi Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha iliamua kwamba barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi hiyo ingekiuka Mkataba wa Jumuiya. Watu wa wilaya ya Serengeti walipokea uamuzi huo kwa hisia tofauti, na wana haki hiyo. Kwa reli, maana yake ni kwamba njia itakayoizunguka hifadhi yapasa ipimwe na kujadiliwa na wanavijiji mapema, kabla ramani haijachorwa.

Kwa sasa macho yaelekee magharibi. Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilizindua ujenzi wa reli ya umeme kutoka Uvinza hadi Musongati, na Burundi haijapata kuwa na reli katika historia yake. Safari hii umeme ni mmoja na upana ni mmoja tangu mwanzo. Bado yapo maswali ya kuamuliwa kabla behewa la kwanza halijafungwa: tiketi ya Dar es Salaam hadi Musongati itauzwa katika dirisha moja au mawili, dereva Mtanzania ataruhusiwa kuendesha hadi mwisho au atashuka mpakani, na afisa wa uhamiaji wa Burundi atapandia stesheni gani.