Fahari ya Motokaa na Haki ya Barabara

Msomaji kijana, simama nami kidogo kando ya barabara iingiayo Loitokitok kutoka Emali. Mbele yetu umekaa mlima Kilimanjaro, mita 5,895, nao haujali ni nani apitaye chini yake. Leo barabara hii ina lami. Zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na motokaa iliyofika hapa ilikuwa imekwisha pita mtihani usiojua upendeleo. Nimekuita mahali hapa kwa kuwa nataka tuamue shauri moja la zamani, na shauri haliamuliwi vema mbali na ushahidi.

Shauri lenyewe ni hili. Wapenzi wa motokaa za kale hubishana: zipi zilikuwa bora, motokaa za fahari za Marekani, kama vile Cadillac na Lincoln, au washindani wake wa Ulaya, kama vile Mercedes-Benz na Rolls-Royce? Kwetu hukumu ilitolewa zamani, tena upande mmoja haukusikilizwa. Husemwa kwamba ya Marekani ilikuwa bati refu ling'aalo, lafi wa petroli, lisilo na akili; na ya Ulaya ilikuwa hekima tupu juu ya magurudumu manne. Hukumu hiyo naipinga. Naipinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu imetugharimu fedha.

Tuanze na ukweli. Mwaka 1908 Cadillac tatu zilifunguliwa vipande vipande huko Brooklands, Uingereza. Vipande vikachanganywa, motokaa zikaundwa upya, zikawaka na kwenda maili 500. Katika zama ambazo fundi alipiga tupa kila chuma mpaka kikubaliane na mwenziwe, jambo hilo lilikuwa ajabu. Spea unayoinunua leo dukani na kuifunga bila kuichonga ni tunda la wazo lile. Mwaka 1912 Cadillac zikaanza kuuzwa na stata ya umeme, na watu wakaanza kuisahau hendeli iliyokuwa ikivunja mikono. Katika miaka ya 1950 Rolls-Royce yenyewe ilitumia giaboksi ya kujibadilisha iliyobuniwa na General Motors, kampuni iundayo Cadillac. Je, mwerevu huazima akili kwa mjinga? Hata yale mapezi ya nyuma, yaliyochekwa sana juu ya Cadillac ya mwaka 1959, yalionekana, ingawa madogo, juu ya Mercedes ya mwaka uo huo.

Usinidhanie kuwa wakili wa Marekani. Cadillac hiyo ilikuwa na urefu wa karibu mita 5.7 na injini ya lita 6.4, na pezi lake halikuwa na kazi ila kutazamwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: methali hii haiifai motokaa nzima, lakini pezi yalifaa kabisa. Mercedes ya mwaka ule, kwa upande wake, ilikuwa na mbele na nyuma zilizobuniwa zikunjike wakati wa mgongano, ili chumba cha abiria kibaki kizima. Hiyo ni hekima iokoayo roho za watu, na nani athubutu kuibeza? Hata hivyo, mlafi hakuwa mmoja. Rolls-Royce ilipotiwa injini ya silinda nane mwaka 1959, injini hiyo nayo ilizidi lita 6.

Basi tofauti yatoka wapi? Kila motokaa ni mtoto wa nyumba yake. Marekani ilikuwa na barabara pana zilizonyoka, safari ndefu na petroli rahisi. Ikazaa motokaa ndefu, nzito, yenye springi laini kama godoro. Ulaya ilikuwa na njia nyembamba zenye kona, petroli ghali, na katika nchi kadhaa kodi iliyopanda kwa ukubwa wa injini. Ikazaa motokaa fupi, ngumu, yenye kushika njia. Hakuna mmoja aliyekuwa mpumbavu. Mpumbavu ni yule atazamaye motokaa asiulize iliundwa kwa njia ipi.

Ushahidi tunao katika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1963 motokaa za Mercury Comet zilikimbia maili 100,000 katika uwanja wa Daytona, Florida, kwa mwendo uliozidi maili 100 kwa saa. Comet haikuwa motokaa ya fahari, lakini ilitoka katika idara ile ile ya Ford iliyouza Lincoln. Miezi michache baadaye, Pasaka ya mwaka 1964, Comet sita ziliingia katika mashindano ya Safari. Zilizofika mwisho ni mbili. Sifa ya Daytona haikuzivusha matope yetu. Na nani alishinda? Ni Ford Cortina, iliyoundwa Uingereza na tawi la kampuni ile ile! Jina juu ya bati lilikuwa moja. Barabara zilizokusudiwa zilikuwa mbili.

Utaniambia: Mercedes ilishinda Safari hiyo mwaka 1959, 1960 na 1961. Ni kweli, na ilistahili. Lakini niambie nawe: wakubwa wetu waliipenda kwa ajili ya springi zake? Laiti ingekuwa hivyo! Waliipenda kwa ajili ya kiti cha nyuma. Ndiyo sababu wananchi wakawabandika jina la Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililozaliwa pamoja na uhuru. Kabila hilo halikujua njia ya Loitokitok ila kwa kuitazama dirishani. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliwaamuru mawaziri warudishe motokaa kubwa, watumie zenye injini isiyozidi lita 1.8. Wako waliosita. Kusita kwao kulifichua siri: kilichoshikwa hakikuwa chombo cha kazi, kilikuwa cheo.

Sasa geuka utazame soko. Nyanya na vitunguu vya Kimana na Rombo havikuletwa hapa na Cadillac, wala na Mercedes ya waziri. Mwulize mzee yeyote, atakutajia pikap za Peugeot. Na Peugeot 404, ndugu yake pikap hiyo, ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Haikuwa na pezi, wala haikumpa mtu jina la kabila. Ilikuwa na springi, na ilifika.

Msomaji, ubishi wa Marekani na Ulaya waachie wenye kukusanya vya kale. Ni mchezo mzuri usiodhuru mtu. Lakini kesho utaketi katika kamati ya kununua motokaa ya shule, ya hospitali, au ya kaunti, na fedha mkononi mwako zitakuwa za mama auzaye nyanya. Siku hiyo watakuja watu wa nembo na maneno matamu. Usiwaulize motokaa yao yatoka bara gani. Waulize itafika wapi, itabeba nini, nani ataitengeneza ikivunjika, na kwa fedha za nani. Asiyeweza kujibu hayo manne, mwambie aende zake, hata kama motokaa yake yang'aa kama theluji ya Kilimanjaro.