Marejea na Nondo Wake: Mzazi Humpa Nini Mwanawe?



Mama zangu na dada zangu, mvua za masika zikishanyesha, viwanja vitupu na kando za njia zetu hapa Pwani hupambwa na maua ya manjano ya mmea uitwao marejea. Ua lake lafanana na la kunde. Likipukutika huacha kiganda kilichovimba, na kiganda hicho kikikauka, mbegu hulia ndani yake kama kayamba. Ni watoto wangapi wetu waliowahi kukitikisa sikioni wakicheka!

Ukiinama ukachungulia majani yake huenda ukawaona viwavi wa kijivu, wenye vinyweleo na madoa ya rangi ya chungwa. Hula majani, kisha hutoboa viganda vibichi wakala mbegu. Siku zao zikitimia hugeuka nondo wadogo weupe wenye vidoa vyekundu na vyeusi. Nondo wengi hungoja usiku. Huyu huruka mchana kweupe, kama asiyemwogopa yeyote.

Naye ana sababu. Marejea ina sumu iharibuyo ini, na mbegu ndizo zilizo na sumu nyingi zaidi. Kiwavi huila sumu hiyo isimdhuru, bali huiweka mwilini mwake akiba, hata akaingia nayo katika unondo. Mtaalamu Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alimchunguza kwa miaka mingi nondo wa Florida aliye wa jamaa moja na huyu wetu, naye pia hula marejea. Aliona kwamba nondo huyo akinaswa, buibui humkaribia, humgusa, kisha hukata nyuzi za utando wake moja baada ya moja akamwachilia. Lakini nondo waliolelewa kwa chakula kisicho na sumu waliliwa.

La ajabu zaidi ni habari ya uzazi wao. Dume humjia jike kwa harufu inayotokana na sumu ile ile, na kwa harufu hiyo jike hujua dume ana akiba kiasi gani. Wakikutana, dume humpa jike sehemu ya akiba yake. Jike huichanganya na yake, kisha huitia katika mayai. Chungu na wadudu wengine walao mayai wakiyaonja huyaacha. Basi yai halijaanguliwa, na tayari limekwisha kulindwa na baba na mama. Subhanallah! Nondo ni miongoni mwa viumbe waliotajwa katika Qur'ani, katika Suratul Qaari'ah, nasi twampiga kwa kanda bila ya kumtazama.

Lakini kile kilicho ngao kwa mtoto wa nondo ni maangamizi kwa mtoto wa binadamu. Katika miaka ya 1950, madaktari wa Jamaica waliwachunguza watoto waliokuwa wakiletwa hospitalini matumbo yamejaa maji na maini yamevimba. Ilibainika kuwa walikuwa wamenyweshwa chai ya majani ya porini, na miongoni mwa majani hayo yalikuwamo ya jamii ya marejea. Mama zao hawakukusudia baya. Waliwapa kwa mapenzi, wakidhani ni dawa.

Ni kweli kwamba ndugu zetu wa Magharibi mwa Kenya hula mboga ya mitoo, nayo ni ya jamii hii. Lakini aina za marejea ulimwenguni zapita 600, na wao huijua ile waipandayo. Aliyeokota jani njiani hana ujuzi huo.

Kwa hiyo, mama, usimchemshie mtoto majani usiyoyajua, hata kama jirani amekusifia. Mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye naye ajihadhari. Mbegu za marejea zisichanganyike na nafaka, wala punda na ng'ombe wasilishwe mmea huo. Na mtoto akinyweshwa, kisha tumbo likavimba au macho yakawa manjano, mpeleke hospitalini upesi, uchukue na tawi la mmea wenyewe, wala usione haya kusema ulichompa.

Viwavi nao waache wale riziki yao. Mchukue mwanao akawatazame, ila asitie kiganda kinywani, na mkirudi anawe mikono.

Nondo hakusoma, lakini amefunzwa na Mola wake ampe mwanawe kipi. Sisi tumepewa akili tuulize kabla ya kutoa. Mtoto ni amana, na mapenzi yasiyo na ujuzi hayatoshi kuilinda.

Wabillahi tawfiq.