KABLA HUJAMFUGA, ULIZA NYUMBA YAKE IKOJE



Ndugu zangu katika imani, leo nina maneno marefu kidogo. Yanaanza na kosa langu mwenyewe, basi nisomeni kwa subira.

Wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani pa msikiti hapa Mchafukoge. Akaja kijana mmoja wa jirani, anayeishi chumba cha kupanga ghorofa ya tatu. Akaniambia, "Shekhe, nina swali, lakini usinicheke." Nikamwambia, "Sema, mwanangu."

Akasema alikuwa akifuga buibui mkubwa, wale ambao wazungu huwaita tarantula. Alimnunua kwa mtu aliyemtoa shambani, upande wa Tanga. Akamweka kwenye kopo la plastiki, chini akatandika pamba yenye maji. Siku moja akamkuta amelala chali, miguu juu. Akajua amekufa, akamtupa jalalani uchochoroni. Usiku akatazama video kwenye simu, ndipo akajua kuwa buibui akilala chali hivyo, mara nyingi hajafa. Anajivua ganda ili akue. Akashuka mbio na tochi. Jalala lilikuwa limeshazolewa.

Akauliza, "Shekhe, nimemuua? Nina dhambi?"

Ndugu zangu, nilicheka. Barazani wote walicheka, na mimi imamu wao nikacheka nao. Nikamwambia, "Mdudu tu huyo, mwanangu, kalale." Akainama, akavaa viatu, akaondoka. Alfajiri yake hakuja msikitini, wala ya pili, wala ya tatu.

Jumamosi nikawa nasomesha watoto madrasa, somo likafika kwenye hadithi ya Abu Umayr iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mnaijua. Mtoto mdogo alikuwa na kidege chake cha kuchezea, kikafa. Mtume (s.a.w.) alipomwona mtoto ana huzuni, alimuulizia kidege chake kwa upole na kwa maneno ya kumliwaza. Yeye aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kuulizia kidege. Mimi niliyebeba funguo za msikiti nilicheka. Nikafunga kitabu mapema, nikapanda zile ngazi mpaka ghorofa ya tatu kumwomba radhi.

Alinipokea vizuri, Allah amlipe kheri. Kisha akaniuliza swali gumu zaidi: "Shekhe, sasa nitafute mwingine?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda kusoma na kuuliza wanaojua viumbe hawa. Jibu langu ndilo hili, na nimeliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake.

KWANZA: ASILI YA JAMBO

Kufuga kiumbe mdogo kwa asili yake kunaruhusika, na hadithi ya Abu Umayr ni katika dalili ambazo wanazuoni wameitumia. Buibui aliye hai si najisi, na chumba alichomo kinaswaliwa. Lakini ruhusa hii ina sharti. Mnajua habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Kosa lake lilikuwa kumfungia bila kumlisha, wala kumwachia ajitafutie. Maana yake ukishamfungia kiumbe, riziki yake aliyokuwa akiitafuta mwenyewe imekuwa deni shingoni mwako.

PILI: SHIMO NI NYUMBA

Hapa ndipo nataka tukae. Katika Suratun Nahl Allah anataja nyuki na kuyaita makazi yao majumba. Katika Suratun Naml chungu anawaambia wenzake waingie maskani yao. Na katika Suratul Ankabut Allah anataja nyumba ya buibui. Ni kweli ameipigia mfano wa udhaifu, lakini ameiita nyumba. Na katika Abu Dawud imo hadithi ya Abdullah bin Sarjis, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa kwenye shimo. Dini iliyokukataza kukojoa shimoni kwa mwenyewe, itakuachia umng'oe shimoni umtie kwenye kopo?

Buibui hawa wa kwetu wengi ni watu wa shimo. Yupo yule mkubwa wa rangi ya kutu anayepatikana Kenya na Tanzania, wataalamu wanamwita Pelinobius muticus. Anachimba shimo refu kwenda chini na humo ndimo anamokaa siku zote. Usiku anasogea mlangoni kungoja mende au panzi apite. Maisha yake ni giza, utulivu na udongo. Ukimweka kwenye kopo tupu lenye mwanga, umemtoa nyumbani na kumweka katikati ya barabara.

Kwa hiyo anayemfuga ana wajibu huu:

1. Udongo uwe mwingi. Kwa mkubwa, kina cha sentimita 20 au zaidi, udongo ulioshindiliwa ili shimo lisiporomoke, chini uwe na unyevu kidogo na juu ukavu. Pamba yenye maji si nyumba.

2. Nafasi ya juu iwe ndogo. Tumbo lake ni laini, akipanda ukutani akaanguka hupasuka. Chombo kirefu chenye udongo kidogo ni mtego.

3. Awe na kisahani cha maji na matundu ya hewa. Asiwekwe juani.

4. Dawa ya mbu ni sumu kwake. Sisi wa maghorofa tunapuliza kila jioni, na jirani akipuliza moshi unaingia kwako. Mende aliyepuliziwa dawa akimla, naye anakufa.

5. Akiziba mlango wa shimo kwa udongo, usibishe hodi. Huenda anajiandaa kujivua ganda, na anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Ukimkuta chali, muache, kazi hiyo huchukua saa nyingi. Anayekufa mara nyingi hukunja miguu chini ya mwili wake. Akimaliza kujivua, meno yake bado laini, usimtupie mende hai mpaka ganda jipya likauke.

6. Asishikwe. Hawa wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo wenzao wengi wa Marekani hurusha wakitishwa. Silaha yao ni meno. Huinuka, hukuonyesha meno, na yule mkubwa hutoa sauti ya kukwaruza. Kwa kawaida sumu yake haimuui mtu mzima, lakini maumivu yake ni makali, na misuli hukaza. Penye watoto chumba kimoja, kanuni ya kutomdhuru mwenzako inatangulia starehe yako.

Na jueni kwamba jike la huyu mkubwa linaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kijana wa miaka 22 akimchukua mdogo leo, huenda akaoa, akahama na kusomesha watoto, na yule bado yupo shimoni anakungoja wewe umpe maji. Hii ni amana, si mchezo wa likizo.

TATU: ANATOKA WAPI?

Mimi nimezaliwa Muheza. Utotoni tulikuwa tunaingiza unyasi shimoni mpaka mwenyewe atoke kwa hasira, tukacheka, tukakimbia. Shimo tuliliacha limebomoka. Nilidhani ni utoto wa kijijini tu. Kumbe jina la milima yetu ya Usambara linatajwa na wafugaji huko Ulaya na Marekani, kwa sababu ya buibui wa rangi ya machungwa ambaye wameliweka jina hilo juu yake. Ananunuliwa na kuuzwa.

Abu Dawud amepokea kwa Ibn Mas'ud habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake na Maswahaba safarini. Akawa anapiga mbawa kwa uchungu. Mtume (s.a.w.) akauliza nani aliyemfanyia hivyo, na akaamuru arudishiwe. Hakusema ni ndege tu.

Na upande wa biashara, mafaqihi wetu wa Kishafi hawakuruhusu kuuza wadudu wasio na manufaa yanayokubalika kisharia. Nyuki ana manufaa, nondo wa hariri ana manufaa. Mtu anayesoma na kutafiti, hilo lina mlango wake. Lakini kumchimbua kiumbe ili umpige picha uwatishe marafiki, sioni manufaa hapo. Pia kumbukeni serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Kabla hujasema "huyu mdudu tu," nenda ofisi za TAWA ukaulize. Kutii sheria yenye maslahi ni sehemu ya dini.

JIBU LANGU

Nilimwambia kijana hivi. La kwanza, ulikosea kwa kutojua, hukukusudia. Muombe Allah msamaha, na toba yako ni kujifunza. La pili, usinunue tena aliyechimbuliwa porini, kwa sababu pesa yako ndiyo jembe linalobomoa shimo la mwingine. La tatu, tazama chumba chako. Hapa Mchafukoge sisi wenyewe hatuna udongo, tuna vigae na lami. Moshi wa dawa unapita dirishani, mwenye nyumba anaweza kukuhamisha mwezi ujao. Kama huwezi kumdhaminia nyumba, mapenzi yako kwake ni kumwacha alipo. Ukienda Tanga, chutama mbele ya shimo usiku na tochi, umtazame, useme Subhanallah, uondoke.

Wapo watakaosema nimekuwa mkali. Wengine watasema nimepoteza muda kwa buibui wakati umma una matatizo makubwa. Nawajibu kwamba anayezoea kusema "mdudu tu" kesho atasema "kuku tu" akipita mbele ya matenga yaliyoshonana juani, na keshokutwa atasema "mtumishi wa ndani tu." Moyo haufi siku moja.

Na ninyi wazee wenzangu, maimamu na walimu, kijana akija na swali linalowachekesha, meza kicheko chako. Ngazi za ghorofa ya tatu ni nyingi kwa magoti ya umri wetu.

Ewe Mola, tusamehe tuliowafungia na tukawasahau. Turuzuku huruma kwa walio juu ya ardhi na walio chini yake. Aamin.

Wallahu a'lam.