Mwalimu Kijana na Fundo la Ulimi



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya vijana wetu wanaojifunza ualimu wa lugha ya Kiingereza. Katika nchi hii ya kati wako wengi, wa kiume na wa kike. Baadhi yao wasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na wengine vyuo vya ualimu kama Mpwapwa. Wakati wa mazoezi ya kufundisha ukifika, hupelekwa mashuleni, na wazazi hufurahi kuwa mtoto wao sasa aitwa mwalimu. Lakini wengi wao huenda na hofu moyoni, na hofu hiyo nyumbani hawaisemi.

Waogopa nini? Si watoto, waogopa ulimi wao wenyewe. Kijana asimama mbele ya darasa, na nyuma kabisa amekaa mkufunzi na karatasi yake ya alama. Pengine darasani yumo mtoto aliyetoka shule ya kulipia, aliyekizoea Kiingereza tangu utotoni. Mwalimu akikosea neno atachekwa. Basi hugeukia ubao, akaandika mpaka ukajaa, akawaamuru watoto wanakili. Kengele hulia, nao hutoka na madaftari yaliyojaa na ndimi zilizofungwa.

Tusiseme kuwa huu ni uvivu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Kijana wa Kigogo au wa Kirangi huanza na lugha ya mama yake, akajifunza Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta karibu masomo yote yamegeuka. Wengi huvuka hapo kwa kukariri. Aliyekariri aweza kufaulu mtihani asipate hata siku moja kuzungumza na mtu kwa lugha hiyo. Na leo aambiwa aifundishe.

Wala shida hii si yetu peke yetu. Mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani, Elaine Horwitz, pamoja na wenzake, walieleza kuwa hofu ya mwanafunzi wa lugha ya kigeni ina mambo matatu: kuogopa kusema na watu, kuogopa mtihani, na kuogopa kuonekana mjinga. Mwaka 1996 bibi huyo akaandika kuwa hata walimu hupatwa nayo, na kwamba mwalimu mwenye hofu huepuka kuitumia lugha anayoifundisha. Kumbe ule ubao uliojaa ni maficho.

Sisi Waislamu tuna mfano mkubwa kuliko huo. Qurani Tukufu, katika Sura Twaha, yatueleza jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyomwomba Mola wake alifungue fundo la ulimi wake, na ampe Harun, ndugu yake, awe msaidizi. Hakuificha hofu yake, wala hakuukataa ujumbe. Mwenyezi Mungu alimkubalia, naye akaenda kwa Firauni pamoja na nduguye.

Na katika madrasa zetu, tangu Kondoa hata Manyoni, mtoto husoma kwa sauti lugha isiyo ya nyumbani kwao. Akikosea herufi, mwalimu humsahihisha papo hapo, naye hurudia. Kesho humsikia mwenzake akisahihishwa vivyo hivyo. Kusoma Qurani na kuzungumza Kiingereza si mamoja, lakini adabu ya kusahihishwa ni moja. Palipo na kicheko au fimbo, adabu hiyo hufa.

Basi, enyi vijana, tafuteni Harun wenu. Wawili wakae kila siku baada ya Alasiri, wazungumze Kiingereza robo saa, mmoja amsahihishe mwenzake. Na darasani, ukikosea, jisahihishe mbele ya wanafunzi wako bila ya haya, wapate kuona kuwa kukosea ni njia ya kujifunza.

Nanyi wazazi, msimcheke kijana anayejizoeza ukumbini. Wala asitokee mzee wa kumwambia kuwa lugha hiyo yapunguza dini, kwani Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit kujifunza maandishi ya Mayahudi. Lakini pia msipime elimu ya mtu kwa Kiingereza chake, kwani kipimo hicho ndicho kinachozaa hofu hii.

Jambo hili si dogo. Mwenye mali atamlipia mwanawe shule ya kumfundisha kusema. Mtoto wa mkulima wa Bahi au Chamwino hana mwalimu mwingine ila huyu kijana wetu. Na huyu akifunga kinywa, mtoto yule atafika kidato cha kwanza akiwa bubu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakunjulie vijana wetu vifua vyao, na azifungue ndimi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.