Homa Imekwenda, Nguvu Hazijarudi

Ndugu mwananchi wa Mombasa, nianze na swali. Ni mara ngapi umempita jirani aliyekuwa akiugua, ameketi barazani kwake, ukamuuliza, "Ushapona?" naye akakujibu, "Nishapona, alhamdulillahi"?

Ukaendelea zako Marikiti, moyo umetulia. Lakini ulimtazama alipoinuka? Uliona alivyouegemea ukuta? Ulijua kuwa ngazi za nyumba yake, alizokuwa akizipanda na mtungi wa maji mkononi, sasa anazipanda tano akapumzika, tano akapumzika?

Homa imekwenda, nguvu hazijarudi. Huyu ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Yumo katika nyumba zetu, kuanzia Kibokoni hadi Majengo, na kwa kuwa halali tena kitandani, twadhani mambo yake yamekwisha.

Homa moja iachayo hali hii ni chikungunya, iletwayo na mbu, nayo si ngeni kwetu. Hata jina lake limetoka hapa hapa jirani, katika Kimakonde cha kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1952 na 1953. Maana yake ni kitu kinachompinda mtu. Aliyewahi kuugua hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 2004 uliingia Lamu, na watafiti wakakadiria kuwa watu watatu katika kila wanne wa mji ule waliambukizwa. Mwaka haujesha, ukawa umefika Mombasa. Ulirudi tena mwishoni mwa 2017. Kuanzia katikati ya Desemba hadi tarehe 3 Februari 2018, kaunti yetu iliripoti wagonjwa 453, na 32 kati yao wakathibitishwa na maabara. Hao ni walioandikwa. Je, nyumbani kwenu hakuna aliyelala na panadol yake na bakuli la uji, akapona bila kuhesabiwa?

Homa yenyewe huisha kwa siku chache, kwa kawaida haipiti wiki. Kinachobaki ndicho kinachotushangaza: vidole visivyofunga ngumi asubuhi, vifundo vya miguu vilivyovimba, na uchovu usioondoka hata baada ya kulala. Wengi hupata nafuu katika wiki chache. Wengine huchukua miezi, na wachache hupita mwaka.

Uchovu wa namna hii si wa chikungunya peke yake. Homa ya dengi, iliyotupiga mwaka 2013, huuacha. Korona iliuacha kwa wengi. Na kuna homa ya tezi, iletwayo na virusi vya Epstein-Barr, ambayo huwaangusha vijana wa Ulaya na Marekani kwa wiki na miezi. Huku kwetu, watoto wengi huvipata virusi hivyo wakiwa wadogo sana, bila hata mama kutambua.

Sasa niulize jambo linalowaumiza wagonjwa kuliko viungo vyenyewe. Je, ni uvivu? Mtu anadeka?

Huko Australia, katika mji wa Dubbo, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 253 waliopatwa na homa ya tezi, homa ya Q, au homa ya Mto Ross, ambayo virusi vyake ni ndugu wa chikungunya. Walitoa matokeo yao mwaka 2006. Baada ya miezi sita, wagonjwa kama 12 katika kila 100 walikuwa bado na uchovu mzito. Waliochelewa kupona hasa ni wale ambao ugonjwa uliwashika kwa ukali siku za mwanzo. Haikuwa tabia ya mtu, wala udhaifu wa moyo wake.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya huku umejilaza kitini, usijione mzigo. Mwili wako umetoka vitani. Lakini ufanye nini?

Fikiria pipa la maji nyumbani. Kisiwa chetu hakina mto. Maji yetu yatoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na kila mwana wa Mombasa amejifunza kuishi mfereji ukikauka. Pipa likiwa nusu, hatuoshi zulia. Twapima: ya kupikia haya, ya kutawadhia haya, ya kesho haya.

Nguvu zako sasa ni pipa lililo nusu, nazo zipime hivyo hivyo. Siku utakayoamka umechangamka ndiyo ya kujihadhari zaidi. Mtu husema, "Leo mzima," akafua nguo zote, akaenda sokoni, akapita kuwaona wakwe. Kesho yake haamki, na kesho kutwa pia. Si amelikausha pipa lote kwa siku moja?

Gawa kazi. Fua kidogo leo, kidogo kesho. Kata mboga umeketi. Pumzika kabla hujachoka. Tembea, kwa sababu viungo vikiachwa vikae tu hukaza, lakini leo fika msikitini, au kona ya mtaa, kisha urudi. Mwendo wa leo usipokuumiza kesho, ongeza hatua chache. Ukikuumiza, rudi nyuma bila kuona haya.

Andika pia kidaftarini, mistari miwili tu: nimefanya nini, nimeamkaje. Baada ya mwezi utaona mwenyewe kuwa unasonga mbele, hata kama kila siku moja moja yaonekana sawa na jana.

Na Ramadhani ikikukuta katika hali hii? Dini imempa mgonjwa nafasi ya kula na kulipa siku nyingine. Zungumza na daktari wako, zungumza na shehe wako, wala usijitese kwa kuogopa macho ya watu.

Nasi wa nyumbani je? Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Ukimuuliza, atasema hataki, asikusumbue. Basi usimuulize. Mletee. Mletee mbaazi, mletee samaki wa kupaka, mletee dafu. Fagia ukumbi kabla hajaufikia ufagio. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 ndani yake. Kijana uliye chini pale ukitazama simu, waweza kuupandisha ghorofani kabla hujaulizwa?

Namfikiria hasa mama wa nyumba. Baba akiugua, nyumba nzima hunyamaza. Mama akiugua, mara nyingi hulala siku tatu, ya nne akasikika jikoni akikanda unga wa mahamri kwa vidole visivyokunjika. Hatufanyi hivi kwa ubaya. Tumezoea tu kumwona amesimama. Wanangu, mwezi mmoja huu, unga ukandwe na wengine.

Kazini pia kuna la kufanya. Mwenye duka, msimamizi wa ghala, mwalimu mkuu, wewe ni mzazi wa walio chini yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 zaidi kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini. Hakuna sheria inayokukataza kumpa kiti mtu wa kaunta, au kumhamisha hamali kutoka kwenye magunia hadi kwenye daftari kwa wiki chache.

Nawe mfanyakazi, mweleze mkuu wako mapema. Kimya hutafsiriwa vibaya. Sema tu: "Nimetoka homani, asubuhi viungo vyanikaza, naweza hili na hili, lile bado."

Vipi yule wa kibarua, anayelipwa kwa siku, asiye na likizo wala cheti? Huyo ni wetu sote. Vyama vyetu vya akina mama na vikundi vya vijana huchangia harusi na mazishi, tena kwa moyo mkunjufu. Je, hatuwezi kutenga kidogo kwa aliye hai, anayejikokota kurudi kazini kabla ya wakati wake kwa sababu watoto lazima wale?

Tusisahau hospitali. Si kila uchovu ni mabaki ya homa. Upungufu wa damu huchosha. Sukari huchosha. Malaria, kifua kikuu, hata mimba changa, vyote huchosha. Uchovu ukipita wiki kadhaa, nenda ukapimwe. Usingoje ukiona homa imerudi, uzito unapungua, unatoka jasho usiku, pumzi inakata, au moyo umeingia giza na huoni raha ya chochote. Hilo la mwisho nalo ni ugonjwa, nalo lina msaada.

Usijinunulie dripu ya nguvu wala vidonge ulivyopewa na rafiki. Na homa mpya ikikushika, tumia panadol tu hadi upimwe, kwani dawa kama aspirini na brufeni zaweza kuleta kutokwa na damu ikiwa kumbe ni dengi.

Mwisho narudi kwenye lile pipa la maji. Mbu wa chikungunya, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hupenda kutaga katika maji yetu masafi tunayoyahifadhi. Mayai yake hung'ang'ania ukuta wa pipa, yakastahimili ukavu kwa miezi, yakangoja maji. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Basi kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, pipa lisuguliwe ndani kwa brashi, kisha lifunikwe vizuri. Sahani za chini ya maua, tairi la uani, kopo la barazani, vyote vimwagwe. Na aliye na homa alale ndani ya neti hata mchana wiki ile ya kwanza, mbu asimuume yeye kisha akakuuma wewe.

Kazi hii haihitaji bajeti ya kaunti wala mkutano. Yahitaji brashi, kifuniko, na nusu saa.

Basi kesho utakapompita yule jirani barazani, usimuulize tena kama ameshapona. Swali hilo lina jibu moja tu la adabu, naye atakupa hilo hilo. Muulize, "Leo umeamkaje?" Kisha keti kidogo, usikilize. Ukiinuka, chukua mtungi wake uupandishe juu, umimine pipani, na kabla hujashuka, ulifunike.