Udongo wa Milima Yetu

Mwamba wa Usambara ni mgumu, lakini joto la mchana na baridi ya usiku huupasua, maji hupenya nyufani, mizizi huzipanua, hata mwamba huwa udongo. Kazi hiyo ni ya maelfu ya miaka. Nayo masika moja yaweza kuiharibu katika shamba tupu la mteremko wa Malindi. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza kuwaamuru watu wa bonde la Mlalo walime kwa matuta. Shauri lilikuwa jema, ila kazi ilikuwa nzito na amri ilizidi, wakaichukia. Heri kupanda majani ya guatemala kwa kuukingama mteremko: huzuia udongo, nayo yakikatwa ng'ombe hula zizini.