Miezi Sita Haimfanyi Mtu Kuwa Mke

Mtaani Tanzania kuna sheria ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua: mwanamume akikaa na mwanamke miezi sita, huyo tayari ni mkewe. Mama lishe anaijua, bodaboda anaijua, hata wazee huamulia ugomvi kwa kuitaja. Ni uongo, na uongo huu unawaacha wanawake mikono mitupu.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakina miezi sita. Kinataka miaka miwili au zaidi. Tena miaka peke yake haitoshi: lazima wawili hao wawe wameishi hivi kwamba watu wanawajua kuwa mume na mke. Anayeingia usiku na kutoka alfajiri, asiyemtambulisha mwenzake kwa ndugu wala jirani, anaweza kuendelea hivyo miaka mitano na kifungu kisimguse.

Hata masharti hayo yakitimia, mahakama haifungishi ndoa. Inachukulia tu kwamba ndoa ipo, mpaka upande wa pili uthibitishe kuwa haipo. Ikibainika kwamba mwanamume ana ndoa ya Kikristo isiyovunjwa, dhana hiyo inaanguka, kwa kuwa ndoa ile haina nafasi ya mke wa pili.

Wapo wanaosema imani hii ina faida, inamlinda mwanamke. Inamlindaje? Inamlaza usingizi. Kwa kuamini miezi imeshamfanya mke, hadai cheti, na fedha zake za mchezo zinanunua mabati kwa risiti yenye jina la mwanamume. Siku ya kufukuzwa godoro liko nje limefungwa kamba, sufuria zimo kwenye ndoo, mtoto yuko mgongoni. Hapo ndipo anaanza kutafuta shahidi.

Haki zake zipo, ila si zile alizoambiwa mtaani. Dhana ya ndoa ikishindwa mahakamani, kifungu hichohicho kinamruhusu kuomba matunzo yake na ya watoto. Isimame au ishindwe, anaweza kudai mgawanyo wa mali waliyochuma pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inakubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Lakini mahakama inataka ushahidi: majirani, mwenyekiti wa mtaa, ndugu waliokuja msibani wakampokea kama mke, risiti za saruji.

Dada yangu, tunza risiti hizo. Bora zaidi, mwambie mwenzako twende bomani. Ndoa ya serikali inahitaji taarifa ya siku 21 na mashahidi wawili, kisha cheti mkononi. Anayesubiri miezi sita impe ndoa angeipata kwa siku 21.